Mama Mkwe Aione Bahari

Jumanne, 1 Julai. Chanika, Handeni.

Leo nimepata wazo. Si wazo dogo. Ni wazo la kumpindua mtu.

Mtu mwenyewe ni Mustafa, aliyemwoa Zamda, mdogo wake mke wangu Hafsa. Anakaa Kilole, Korogwe. Ana gari, Noah, ana tangi la kuvunia maji ya mvua, ana jibu la kila swali. Mama Mkwe akiishiwa chumvi, Mustafa keshafika nayo. Mimi nikifika na yangu, naambiwa niiweke tu pale, ipo nyingine.

Sasa mambo yameiva. Mwezi ujao anaolewa Sikudhani, kitinda mimba wa nyumba ile. Posa imetoka Magoma. Baba mkwe tulimzika mwaka jana, Mungu amrehemu. Mdogo wake yupo, ila masikio yamechoka. Siku ya posa aliulizwa kama ameridhika, akajibu kwamba mwaka huu mvua imekuwa haba. Kwa hiyo Mama Mkwe anatafuta msemaji kati ya sisi wakwe zake wawili. Mtu wa kukaa kiti cha mbele siku ya harusi, kuwapokea wageni, kusema kwa niaba ya nyumba. Ama mimi, ama Mustafa.

Mimi ndiye mkwe mkubwa. Lakini tangu niingie ukoo ule, kazi yangu kwenye shughuli ni moja tu: nalinda viatu mlangoni. Hitima, viatu. Maulidi, viatu. Harusi ya Zamda na huyo Mustafa wake, viatu. Watu wa ukoo ule nawajua kwa soli kuliko kwa sura. Inaniuma, na hapa naandika kwamba inaniuma.

Basi jana Hafsa, akichambua mchicha, akasema mama yake hajawahi kuiona bahari. Mzee alimwahidi miaka yote kwamba atampeleka Pangani, mara mvua, mara shamba, mwisho akafa. Mtu mzima yule amezaliwa na kuzeekea mkoa wenye bahari, na bahari hajaiona! Nikaacha kula.

Nitampeleka mimi. Tena si kwa basi, kama gunia la mahindi. Kwa maji! Tutapanda chombo Old Korogwe, tushuke na Mto Pangani mpaka baharini, halafu turudi kwa nchi kavu kupitia mapori ya Mkwaja, kwenye wanyama. Nimetazama ramani kwenye simu ambayo mteja aliileta kuchaji kibandani kwangu. Mto ni uleule, jina ni lilelile, unaanzia huku unaishia kule. Sijui kwa nini watu wanapanda magari.

Alhamisi, 3 Julai.

Nimechapa tangazo kwenye mashine yangu ya fotokopi: MHINA, SAFARI ZA MELI NA NCHI KAVU. Nimelibandika mlangoni mwa kibanda. Hafsa kalisoma, kasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisha kauliza meli iko wapi. Nikamweleza kwamba meli ni kitu chochote kinachoelea kikiwa na watu wenye heshima ndani. Akarudi jikoni.

Mwaliko kwa Mama Mkwe umepelekwa na Hafsa. Kwetu mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe ana kwa ana. Hamtazami usoni, hamgusi, hakai naye jamvi moja, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Hata nikiwa nimesimama palepale uani, Mama Mkwe husema, Hafsa, mwambie mumeo mbuzi anakula shati lake. Hafsa huniambia. Nami husema, Hafsa, mwambie mama nashukuru. Mbuzi naye wakati huo anaendelea. Tangu nimwoe Hafsa, mama yake hajanitamkia mimi mwenyewe neno hata moja, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Jibu limerudi jioni. Mama Mkwe amekubali, na Hafsa anasema alifuta macho kwa upande wa khanga. Halafu ameuliza kama Mustafa anajua.

Mustafa kajua. Kanipigia simu. Kasema, kwa ile sauti yake ya mpole, kwamba kule Hale mto una maporomoko na mitambo ya umeme, chombo hakipiti. Nikamwuliza kama maji yenyewe yanapita. Akasema maji yanapita. Nikamwuliza sasa tatizo ni nini. Akauliza tutaondoka lini. Nimemshinda kwa hoja.

Wivu ni ugonjwa. Kaomba atufuate na Noah kwa barabara, pamoja na Zamda. Nimemruhusu. Abebe mizigo.

Jumapili, 6 Julai. Pangani, nyumba ya wageni.

Tumefika! Si kwa njia yote niliyopanga, lakini tumefika.

Asubuhi tulikuwa Old Korogwe, kando ya mto, kwa mvuvi anayeitwa Simeo. Huyu ni Msambaa, na sisi Wazigua na Wasambaa ni watani, kwa hiyo alianza kunitukana kabla ya kunisalimia, nami sikuwa na haki ya kukasirika. Akasema Mzigua akiona maji mengi hudhani ni mafuriko. Nikamjibu Msambaa akiona tambarare hudhani mlima umeanguka. Tukaelewana. Akauliza tunaelekea wapi. Nikasema Pangani, baharini. Akautazama mto, akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema haya, pandeni. Nilimwona ni mtu mchangamfu.

Meli ilikuwa mtumbwi. Nikalipita hilo. Tatizo lilikuwa upana: mkwe na mama mkwe watakaaje kwenye kitu chembamba kama kinu kilicholazwa? Nilipiga hesabu za adabu pale ukingoni, watu wakikusanyika kutazama. Mwishowe nikapanga hivi. Mimi mbele kabisa na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, nimewapa wote mgongo. Hafsa katikati, kama ukuta na kama posta. Mama Mkwe nyuma yake. Simeo mkiani na kafi. Hata shehe asingepata kasoro.

Tukang'oa nanga. Jamani, ilikuwa tamu. Maji ya kahawia yamejaa jua, mikuyu imeinama kunywa, wanawake wanafua na kutupungia mikono. Nikawapungia kama kiongozi. Nyuma nikamsikia Mama Mkwe akimwambia Hafsa kwamba mzee angekuwepo angefurahi.

Kisha jua likapanda, na Hafsa akasinzia. Na mbele yetu likatokea tawi.

Mimi nililiona mapema, nikainama. Nikasema, Hafsa, mwambie mama kuna tawi. Kimya. Nikarudia kwa sauti ya juu kidogo: Hafsa, mwambie mama ainame. Hafsa anakoroma. Nifanyeje? Kumpigia kelele mama mkwe? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini lazima kwanza aambiwe. Tawi likampita Hafsa, aliyekuwa amejikunja, likafika kwa mwenyewe. Mama Mkwe akamwamsha Hafsa, akamtuma aniambie kwamba kuna tawi. Nikamtuma Hafsa ajibu kwamba najua.

Hapo nikafanya kosa la kugeuka. Tawi lilikuwa limebaki na mtandio wake. Mama mkwe, kichwa wazi! Nikafumba macho papo hapo. Sikuyafumbua tena. Naandika kwa fahari kwamba niliuendesha mtumbwi ule kwa upondo, macho yamefungwa, kwa mwendo wa kuridhisha, mpaka tulipopanda fungu la mchanga na kukwama.

Simeo akasema tuteremke tusukume. Nikateremka. Akasema niangalie, gogo lile la kushoto limekonyeza. Nikapanda. Tukakaa. Viboko wakawa wanaguna mahali ambapo sikutaka kupajua.

Na nani akatokea ukingoni, kwenye njia ya shamba la mkonge? Mustafa. Kapaki Noah kivulini. Ana kamba. Ana chupa ya chai. Ana vitumbua, na ana mtandio mpya wa Zamda kwa ajili ya mama. Alijuaje? Alisema alikuwa anapita tu. Katikati ya mkonge, anapita tu.

Tukavutwa. Mama Mkwe akanywa chai, akasema, Zamda, mwambie mumeo Mungu ambariki. Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Simeo akaniaga kwa kusema nimsalimie nahodha wa Hale. Tukaja Pangani kwa Noah, kupitia Muheza. Nimekaa nyuma kabisa, na mizigo.

Lakini asubuhi ni bahari. Na bahari ni wazo langu.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba. Pangani.

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulikwenda ufukweni baada ya chai. Sikukuu, watu wengi, watoto, wavuvi wanakausha nyavu. Mama Mkwe alitembea mbele peke yake, akavua viatu vyake, akasimama pale maji yanapoishia. Halafu akamwambia Hafsa kwamba mzee alimdanganya. Alimwambia bahari ni kama shamba la mkonge lisilo na mwisho. Kumbe mkonge unasimama, hii inatembea. Akacheka, machozi yanamtoka. Hafsa naye. Zamda naye. Mimi jua lilinichoma macho.

Nikajua nimeshinda. Kiti cha mbele nilikiona kabisa, hata kitambaa chake.

Hafsa na Zamda wakaenda kununua madafu. Mustafa akaenda kuangalia tairi. Nikabaki mimi pembeni, mgongo upande, kama inavyopasa. Mama Mkwe akainama ateke maji ayaonje. Na wimbi likaja.

Halikuwa wimbi kubwa. Lakini halikumzoea. Likamkalisha, likamgeuza, likaanza kuondoka naye. Khanga juu, khanga chini, mkono mmoja hewani. Aliyekuwa karibu ni mimi. Karibu sana. Ningenyoosha mkono ningemshika.

Mkono niliunyoosha. Wallahi niliunyoosha. Ukafika nusu ya njia, ukakumbuka ni mkono wa nani na ule ni mkono wa nani. Isitoshe siogelei. Nikafanya nililoweza. Nikapaza sauti: Hafsa, mwambie mama anyanyuke!

Hafsa alikuwa kwenye madafu.

Ndipo Mustafa alipopita kama ng'ombe aliyekata kamba. Na suruali yake, na simu yake mfukoni. Akaingia mpaka kifuani, akamkamata mama mkwe kiunoni, akamtupa begani, akatoka naye. Mbele ya Pangani nzima! Wavuvi wakapiga makofi. Mtoto mmoja akaomba naye abebwe. Mama Mkwe alitua mchangani, akakohoa, akaona watu, akaona ni nani aliyemshika, akajifunika khanga uso mzima na kuketi chini.

Mimi nikaona viatu vyake vinaelea. Kimoja kinakwenda kulia, kingine kinakwenda Unguja. Hapo sikusita. Kazi hiyo naijua. Niliingia mpaka magotini, na wimbi la pili likanipiga usoni, lakini vyote viwili nikavipata. Nikasimama navyo pembeni, macho nimefumba, mpaka Hafsa akaja kuvichukua.

Mustafa amekuwa shujaa. Watu wa hapa wanamwita hivyo wakimpita. Nimelala kitandani naitazama dari. Kiti kimekwenda.

Jumanne, 8 Julai. Mkata, njiani kurudi.

Ajabu. Shujaa hana raha.

Asubuhi tulivuka kivuko kwenda Bweni. Chombo cha chuma, kina injini, kina king'ora, kimebeba magari. Nikamwambia Hafsa amwambie mama kwamba hii sasa ndiyo meli niliyoisema. Safari ya meli, imetimia. Ilikuwa fupi lakini safi.

Halafu mapori. Mchanga, miiba, nyani barabarani wamekaa kama baraza la kijiji. Twiga watatu walisimama wakatutazama kwa dharau. Nilikuwa nimewaahidi tembo. Nikaonyesha kinyesi cha tembo, ambacho ni ushahidi. Kwingine kokote watu wangeshangilia. Ndani ya Noah ilikuwa kimya kama msibani. Mustafa anaendesha, shingo imekakamaa, haangalii hata kioo cha ndani kwa kuogopa kumwona aliyekaa nyuma. Mama Mkwe amejifunika khanga tangu jana. Chai ya Mustafa hakunywa. Amekunywa maji yangu, yaliyopitia kwa Hafsa.

Pale Kwamsisi tulipopumzika, Zamda akamwambia Hafsa kwamba mumewe hakula wala hakulala. Anasema angefanya nini, amwache afe? Niliposikia hivyo nilimwonea Mustafa huruma. Nikamgawia nusu ya muhogo wangu, kisha nikaona nusu ni nyingi, nikamgawia robo.

Ijumaa, 11 Julai. Chanika.

Nimeshinda! Nimeshinda! Narudia ili nikisoma uzeeni nisidhani ni ndoto.

Baada ya swala tuliitwa nyumbani kwa Mama Mkwe. Yeye ndani ya chumba, mlango nusu wazi. Sisi barazani. Hafsa amesimama kizingitini, anapitisha maneno.

La kwanza lilikuwa kwa Mustafa. Mama anasema Mungu amlipe, pumzi anayovuta leo ni ya Mungu na ya mkono wake. Amemtengea jogoo na mitetea wawili, na kila Ijumaa atamwombea dua mpaka afe. Mustafa akainamisha kichwa. Lakini, mama anasema, msemaji wa harusi atasimama mbele yake na mbele ya wakwe wa Magoma, na dada wa bwana harusi alikuwepo Pangani siku ile ya Sabasaba akila pweza. Kaona yote. Kila Mustafa atakapofungua mdomo, watu watamwona mama mkwe begani. Hataweza kuinua uso. Na harusi ya mwanawe wa mwisho anataka aione kwa macho yake, si kupitia khanga.

Kwa hiyo msemaji ni Mhina.

Akaongeza. Mama anasema, yule aliyekuwa karibu kuliko wote hakumgusa. Bahari inamchukua, na mkwe wake anakumbuka kwamba ni mkwe. Ama mtu huyo ana adabu kupita watu wote wa Handeni, ama. Hapo Mama Mkwe akashikwa na kikohozi, na Hafsa akasema mama hakumaliza. Hakukuwa na haja ya kumaliza. Nimeelewa.

Nilitaka kujibu kwa maneno mazito. Nikasema, Hafsa, mwambie mama nashukuru. Na kutoka ndani, bila kupitia kwa mtu, nikamsikia mwenyewe akisema, "Na viatu vyangu, ahsante."

Kwangu! Neno langu mwenyewe! Nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye kuni, nikalia. Mustafa akaja akanipa leso. Alikuwa nayo, bila shaka.

Jumapili, 13 Julai. Chanika.

Maandalizi yanaendelea vizuri chini ya uongozi wangu. Nimejaribu kukaa kiti cha mbele. Kinanitosha. Mustafa nimempa kazi ya kulinda viatu mlangoni. Kakubali kwa adabu. Nimemwelekeza namna ya kuvipanga, maana ana mengi ya kujifunza.

Jana nilipata wazo. Wageni wa Magoma waje vipi? Kwa basi, kama mahindi? Ng'o. Nimemtumia Simeo habari kwamba nataka mitumbwi kadhaa, ifungwe pamoja. Nitawachukua ukoo mzima Old Korogwe, tushuke nao na mto, Mama Mkwe akiwa chombo cha mbele, tukapige picha za harusi baharini. Simeo kajibu kwa ujumbe wa kicheko tu. Nahesabu kwamba amekubali.

Mustafa kanikumbusha habari ya Hale. Wivu haujamtoka bado, maskini.

Hata hivyo mimi si mtu wa kurudia makosa. Nimekaa, nimeipima safari yetu yote kuanzia tawi mpaka wimbi, na nimeuona udhaifu ulipokuwa. Tulikuwa na mpeleka maneno mmoja tu. Safari hii nitapakia wawili: Hafsa akisinzia, Zamda atamwambia mama ainame.